Sangara wa Ulaya hupimwa, kiporo cha Muleba je?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, sangara wa Ziwa Victoria walikataliwa Ulaya. Hispania na Italia zilikuta salmonela kwenye minofu. Kisha kikaja kipindupindu, na Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 1999 ikaongezeka hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Viwanda vya ukanda wa ziwa vikalazimika kujirekebisha: barafu, maji yenye klorini, vipimo vya maabara, mialo inayosafishika. Soko likarudi.

Mlaji wa Ulaya alikuwa na wa kumsemea. Mama anayenunua kitoweo Kemondo au Muleba mjini, mkoani Kagera, hana. Mnofu husafiri kwenye barafu, ilhali vichwa na mapanki, yaani mifupa inayobaki baada ya kutoa minofu, huuzwa juani. Dagaa huanikwa mchangani, kuku na mbwa wakipita juu yao. Tena Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo kukausha dagaa huko ni bahati nasibu. Ikinyesha mchana, wanalala wamelowa na bakteria wanazaliana usiku kucha.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi nyumbani huanza chakula kikishaepuliwa. Wengi huamini kwamba moto umeshamaliza kazi. Haujamaliza. Bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayependa wali, na Clostridium perfringens, anayependa nyama na mchuzi mzito, hujifungia ndani ya ganda linalostahimili kuchemka. Sufuria la msiba likiepuliwa saa nane mchana, katikati yake huwa bado vuguvugu saa mbili usiku, na hapo ganda hufunguka. Bakteria mmoja anayegawanyika kila baada ya dakika 20 huwa zaidi ya milioni 2 katika saa saba. Chakula hakijachacha wala hakinuki.

Yupo na Staphylococcus, anayeishi puani na kwenye vidonda vya mikono. Mpishi mwenye jipu kidoleni akigawa nyama kwa mkono, bakteria huyo huingia na kutoa sumu ambayo haiharibiwi kwa kuchemsha. Walaji huanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6. Ndiyo maana utetezi wa "nilikipasha mpaka kikatokota" hautoshi. Na ndipo minong'ono inapoanza kwamba fulani kawalisha watu sumu. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, iulizwe sufuria lilikaa saa ngapi na nani aligawa.

Msibani inafaa kupika kwa awamu, kadiri waombolezaji wanavyofika. Mabaki yagawanywe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, vikalishwe kwenye beseni la maji baridi, kisha viingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Nyumba nyingi za vijijini hazina friji. Huko, kipikwe kinachotosha mlo mmoja, na kiporo cha wali, nyama au maharage kilicholala mezani kitupwe, hata kama kutupa chakula kunauma. Kisu kilichopasua samaki mbichi kisiguse kachumbari kabla hakijaoshwa kwa sabuni.

Anayetapika na kuharisha apewe ORS (dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini), pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, kidogo kidogo. Mtoto aliyelegea, au yeyote anayeharisha damu, akimbizwe zahanati.

Kagera inajua kubadili mazoea. Machi 2023, mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini, suala la kunawa mikono lilichukuliwa kwa uzito mkubwa, na Juni 2 mwaka huohuo mlipuko ukatangazwa kwisha. Ndoo ya maji tiririka na sabuni inastahili kubaki mlangoni pa jiko hata pasipo na mlipuko.

Lakini mzigo huu usiachiwe mama peke yake. Halmashauri za Bukoba na Muleba zijenge vichanja vya dagaa vyenye paa la nailoni, zifikishe maji safi mialoni, na ofisa afya wa kata afike kwenye majiko ya misiba na harusi kabla ya watu kuanza kula. Wavuvi na wachuuzi hutozwa ushuru; sehemu ya fedha hiyo itengwe kwa kazi hii kwenye bajeti ijayo.