Mwinda Fadhila Ni Mnyama Gani?

Ndugu walimu, kuna neno linalotembea siku hizi katika maandishi tunayoletewa kwa jina la Kiswahili, nami naomba nafasi katika kurasa hizi nilipinge waziwazi kabla halijaota mizizi madarasani. Neno lenyewe ni "mwinda fadhila", au kama wengine waliandikavyo, "mwindaji wa fadhila". Hutumiwa kumtaja mtu ambaye kazi yake ni kuwasaka watoro na wahalifu ili alipwe fedha zilizoahidiwa kwa atakayewakamata. Nimelikuta katika muhtasari wa filamu, nimelikuta katika tafsiri zifanywazo kwa mashine, na sasa nalikuta katika insha za wanafunzi wangu.

Vijana hawakuliokota barabarani. Wamelipata kwa kufuatilia mchezo wa televisheni uitwao The Mandalorian, ambao Jon Favreau aliutunga kutokana na ulimwengu wa Star Wars, na ambao ulianza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 12 Novemba 2019. Hadi kufikia mwaka 2023 zilikwisha kutoka sehemu 24 katika misimu mitatu. Shujaa wake, Din Djarin, ni mtu avaaye kofia ya chuma asiyoivua mbele ya watu, naye hurandaranda kutoka sayari moja hadi nyingine kwa chombo chake cha anga, akiwakamata watu na kuwapeleka kwa waliowaagiza. Chama cha wasakaji humpa kazi, hulipwa, akaondoka. Hamuulizi mtoro ametenda kosa gani, wala hamuulizi mlipaji ana nia gani.

Haya, mtu wa namna hiyo awinda fadhila ipi?

Kosa limetokana na neno la Kiingereza "bounty". Asili yake ni Kilatini, likapitia Kifaransa, na maana yake ya kale ilikuwa ni wema, ukarimu. Baadaye Waingereza wakalitumia kwa malipo ambayo serikali iliyatoa ili kuwavuta watu wafanye jambo fulani, na mwisho wakalitumia kwa fedha za kumkamatia mtu. Hata mtu mwenyewe anayesakwa huweza kuitwa kwa neno hilo hilo. Mfasiri mvivu, awe ni mtu au mashine, amefungua kamusi, akaona maana ya kwanza, akaibeba na kuondoka nayo. Hakukumbuka kwamba fadhila katika Kiswahili ni hisani, ni jambo jema alitendalo mtu pasipo kulazimishwa. Twasema kulipa fadhila, twamlaumu mtovu wa fadhila, twasema fadhila ya punda ni mateke. Katika semi zote hizo hakuna hata moja inayonusa pingu.

Wala si kweli kwamba tulikosa maneno. Mwaka 2013 Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba ingetoa hadi dola milioni 5 kwa habari zitakazowezesha kukamatwa kwa Joseph Kony, ambaye watu wa Uganda ya kaskazini hawahitaji kuelezwa ni nani. Fedha kama hizo ziliahidiwa pia kwa ajili ya Félicien Kabuga, aliyetafutwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 na kukamatwa karibu na Paris mwezi Mei 2020. Je, nani kati yetu alipata kusema kwamba Kony amewekewa fadhila? Tulisema zawadi. Waandishi wa magazeti, ambao sisi walimu hupenda kuwasahihisha, husema donge nono, na katika jambo hili wametushinda kwa mbali, kwa sababu msomaji huliona donge lenyewe na mate yanavyomtoka anayelitamani.

Lakini ubaya mkubwa wa tafsiri hii hauko katika kamusi. Uko katika hadithi yenyewe. Mwanzoni mwa mchezo, Din Djarin hupewa kazi ya siri: akamlete kiumbe mwenye umri wa miaka hamsini. Akifika, anakuta ni mtoto mchanga, kwa kuwa watu wa jamii yake hukua polepole sana. Anamchukua, anamkabidhi kwa mlipaji ambaye humwita mtoto huyo kama aitavyo mtu mali yake, na analipwa chuma cha thamani ambacho kinafuliwa kuwa deraya mpya. Kisha moyo unamsuta. Anarudi usiku, anapambana na walinzi, anamwokoa mtoto. Na papo hapo wenzake wote wa chama wanageuka kumwinda yeye. Sehemu hiyo, ambayo ni ya tatu, imepewa jina lenye maana ya dhambi. Katika desturi ya chama, kumhurumia uliyekwisha kulipwa kwa ajili yake ni dhambi.

Basi hapo ndipo fadhila inapozaliwa. Ni mara ya kwanza tumwonapo mtu huyu akitoa mema yasiyolipwa, na mambo yote yafuatayo katika mchezo huu yametokana na tendo hilo moja. Sasa mwalimu afanyeje iwapo tangu dakika ya kwanza mfasiri alikwisha kumwita mwinda fadhila? Neno tulilolihitaji kwa ajili ya kilele cha hadithi limekwisha kutumiwa kuipaka mafuta kazi ya ukatili. Mwanafunzi akiulizwa Din Djarin alibadilika vipi atajibu kwamba hakubadilika, kwani alikuwa akitafuta fadhila tangu mwanzo. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliandika karibu na hivyo hivyo, na sikuwa na haki ya kumkata alama kwa kulisadiki neno kama lilivyo.

Wapo watakaosema kwamba lugha hukua kwa kukopa. Nani anakataa? Shule tumekopa, meza tumekopa, sayari tumekopa. Lakini kukopa ni kulichukua neno la jirani na kulipa sauti ya kwetu. Hapa hatukukopa neno; tumelichukua neno letu wenyewe, tena lenye heshima, tukalitia katika kazi ambayo wenyeji wa lugha hawakuituma. Laiti wangeandika "baunti" ningecheka, nikanyamaza.

Wengine watasema kwamba michezo ya anga ni ya kigeni, ya nini kujisumbua nayo? Hao wanasahau kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota, nayo ikaitwa Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Kiswahili kilikwisha kwenda angani, na huko hakikwenda kwa tafsiri mbovu.

Tena wenye mchezo wenyewe wametuaibisha. Walipotaka watu wa jangwani waitwao Tusken waongee kwa ishara, walimwita Troy Kotsur, mwigizaji kiziwi, awatungie ishara hizo. Ndiye yule aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2022 kwa filamu nyingine. Kwa lugha ya watu wasiokuwapo duniani alitafutwa mjuzi. Kwa lugha ya mamilioni ya watu walio hai, mashine yatosha!

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu ya mahali tulipo. Mtoto wa Lamu au Tanga akisoma "mwinda fadhila" atacheka, na bibi yake atacheka zaidi. Mtoto wa Mbale au Gulu, ambaye Kiswahili chake chote hukipata darasani na katika maandishi, hana bibi wa kumcheka. Atalinakili katika daftari. Kesho atakuwa mwalimu, atalifundisha. Na mashine, ambazo hujifunza kwa yale yaliyokwisha kuandikwa, zitamchukua yeye kuwa shahidi.

Lugha yetu ina mwinda ndege, ina mpiga picha, ina mfua chuma. Kwa utaratibu huo huo tuna mwinda watoro, na pale inapobidi malipo yatajwe tuseme mwinda watoro wa kulipwa. Mimi binafsi napendelea mwinda donge, ingawa najua wako watakaoona kwamba lina harufu ya gazeti. Katika darasa langu nimekwisha kuwapa vijana maneno hayo mawili wachague, na lile la tatu nalipigia mstari mwekundu. Mwenzangu mwenye neno lililo bora na alilete katika toleo lijalo, tulipime.