Usajili wa Walinzi: Madai Manne Yasiyosimama

Tangu Kenya ipitishe sheria ya kudhibiti huduma za ulinzi wa kibinafsi mwaka 2016, madai yale yale yanarudiwa na wenye kampuni, wenye majumba na hata masoja wenyewe. Tuyajibu moja baada ya jingine.

"Kampuni imesajiliwa, hiyo yatosha." Haitoshi. Cheti cha usajili wa kampuni kinathibitisha tu kwamba kampuni ipo, na kibali cha kaunti kinairuhusu kufungua ofisi. Kuuza ulinzi ni jambo jingine: lazima kampuni iandikishwe na mamlaka inayosimamia sekta hii, na kila mlinzi naye aandikishwe kwa jina lake.

"Kazi ya soja ni kufungua geti, mafunzo ya nini?" Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa walianza na walinzi wa langoni. Watu 148 waliuawa. Mafunzo hayazuii risasi, lakini aliye langoni ndiye anayeona hatari kwanza, na anapaswa kujua la kufanya. Ndiyo maana sheria inamtaka awe ametimiza miaka 18, awe amefunzwa, na asiwe na rekodi ya uhalifu. Cheti cha tabia njema, kinachotolewa baada ya alama za vidole kukaguliwa, si urasimu mtupu: mtu huyu unamwachia funguo usiku, nawe ukalala.

"Akivaa sare, ana mamlaka ya polisi." Hana. Akishuhudia kosa kubwa likitendwa, anaweza kumkamata mhusika kama raia yeyote, kisha amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kumfungia mshukiwa katika stoo ya supamaketi na kumshushia rungu ni kosa la jinai. Asiyefunzwa hajui mpaka huo uko wapi, na akiuvuka, yeye ndiye atakayesimama kizimbani huku bosi akibaki ofisini.

"Usajili unamkamua maskini." Hapa pana ukweli nusu. Anayekesha saa 12 kwa mshahara mdogo hastahili kubebeshwa gharama za mafunzo na vyeti. Mwajiri anayefaidika na jasho lake azilipe. Lakini usajili ukifutwa, atanufaika nani? Soja asiyeandikwa popote ndiye rahisi kunyimwa mshahara na kufutwa kazi kwa simu, na akijeruhiwa zamuni, kampuni humkana. Usajili unaacha ushahidi kwamba yupo.

Basi kamati za mitaa, shule, makanisa, misikiti na wenye maduka, kabla ya kutia saini mkataba wa ulinzi dai uthibitisho wa aina mbili: wa kampuni, na wa kila soja atakayesimama langoni kwako. Kampuni ikileta mmoja tu, usiipe kazi, hata bei yake iwe nafuu kiasi gani.