Bunduki Si Zawadi ya Krismasi

Wasee, tuache kuchekelea Wamarekani kidogo. Kila video ya mtoto akifungua zawadi na kupata bunduki ya kuwinda, Wakenya tunaandika kitu kimoja: "Hawa watu ni wazimu." Mimi naona wazimu uko kwingine. Wazimu ni kudhani ukimpa mtoto kitu hatari, hicho kitu ndicho kitamfunza adabu.

Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo kuhukumu ni rahisi. Lakini wawindaji wa kule wenye akili wanaanza na masomo. Majimbo mengi hayakupi leseni ya kuwinda kama hujapita kozi. Na kanuni zake hata mtoto anashika: Chukulia kila bunduki ina risasi. Usielekeze mdomo wake kwa kitu hutaki kuua. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka uwe tayari. Jua unalenga nini, na nyuma yake kuna nini.

Umeona mahali imeandikwa "ukinunuliwa, umekomaa"? Hakuna.

Tena duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia bunduki ya kuwinda mtu hajafika miaka 18. Bastola ni 21. Maana yake, "bunduki ya mtoto" ni bunduki ya mzazi. Full stop.

Ulizeni watu wa Oxford, Michigan. Novemba 26, 2021, baba alinunua bastola, na kijana wake wa miaka 15 akaichukulia kama yake. Siku nne baadaye, wanafunzi wanne waliuawa shuleni. Mwaka wa 2024 baba na mama walifungwa, kila mmoja miaka 10 hadi 15. Mahakama haikusema "watoto wa siku hizi". Ilisema wazazi.

Najua kuna mtu atasema mtoto hujifunza kuwajibika akipewa kitu chake. Sawa, mpe kuku. Kuku akifa kwa uzembe, mtalia kidogo na kesho ajaribu tena. Risasi haina kesho.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Sheria yetu inasema gari ni miaka 18, lakini Desemba ikifika, huko ocha, mtoto wa miaka 15 ameshika usukani, wajomba wanapiga makofi: "Sasa umekuwa mwanaume!" Hajui breki vizuri, na barabarani kuna nyanya za watu wakitoka kanisani. Hiyo ina tofauti gani na video tunayoicheka?

Mzazi, funza kwanza, na hata baada ya kufunza, ufunguo ukae mfukoni mwako. Uwe wa sanduku la bunduki au wa Probox.

Na wewe kijana, siku mzae atakurushia kitu kinachoweza kuua mtu kabla hajakaa chini akufunze, mwambie, "Asante baba, lakini bado." Hapo ndipo utakuwa umekomaa.