Majirani wa Kibada, Bikoni Zetu Zinang'olewa

Ndugu zangu wa Kibada, nanyi wa Kisota, Gezaulole na Mjimwema,

Jumapili iliyopita mtoto wa jirani alinijia mlangoni akikokota kipande cha zege chenye nondo katikati, akauliza kama kinafaa kuegemezea baiskeli. Ilikuwa bikoni ya mpaka. Namba yake bado ilisomeka. Alikuwa ameiokota kwenye lile eneo la wazi tunalolikatiza kwenda kituoni, palepale ambapo tangu mwezi jana pamerundikwa mchanga, kokoto na matofali ambayo kila ukiuliza ni ya nani, hakuna ajuaye. Bikoni haing'oki kwa mvua. Huchimbuliwa kwa sururu, tena usiku.

Tulifika huku kwa mafungu. Wa kwanza waliletwa na Mradi wa Viwanja 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Kibada ni mikorosho, minazi na upepo. Walipanga foleni ya pantoni Magogoni wakiomba mvua isiikute saruji yao upande wa pili. Kisha Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, meta 680 kutoka Kurasini, na safari iliyokuwa ya nusu siku ikawa ya dakika. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 317,902 katika wilaya yetu ya Kigamboni, karibu mara mbili ya waliohesabiwa 2012 tulipokuwa bado ndani ya Temeke. Na tangu sensa hiyo, kila barabara ya mtaa imeongeza fremu za maduka na kuta mpya.

Nafurahi kwamba tunaongezeka. Miaka ile ya kwanza mgonjwa akizidiwa usiku ulikuwa huna wa kumgongea mlango. Lakini angalieni jinsi tunavyojenga. Mtu akipata kiwanja huanza na ukuta, akamaliza nyumba akamwaga peving mpaka getini. Mchanga wa huku ulizoea kunywa mvua yote ya masika palepale inapoangukia. Sasa maji yanatoka kwenye kila bati na kila ua kwa wakati mmoja, yanatafuta ule mkondo uliochorwa tangu viwanja vinapimwa, na mkondo wenyewe madalali wanauonyesha watu kama kiwanja cha bei nafuu.

Masika iliyopita niliamshwa saa tisa usiku na kelele za mama mmoja mjane, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ukuta ulikuwa umejengwa kuziba mkondo nyuma yake, maji yakakosa pa kwenda, yakarudi. Tulimkuta amesimama juu ya kitanda na wajukuu wawili. Tulilipandisha jokofu mezani, tukakinga unga, lakini maji yale hayakuwa ya mvua tu. Chemba zilikuwa zimefurika. Huku hatuna bomba la majitaka. Kila nyumba ina shimo lake, na wengi wetu tuna kisima hatua chache kutoka kwenye shimo la jirani. Kwa hiyo mwenye nyumba ya mwinuko asidhani yamemhusu mama yule peke yake. Maji yale yale anayachota.

Tunajua kuchelewa kunafika wapi. Desemba 2011 mafuriko yaliliingia bonde la Msimbazi, watu wakafa, na waliopoteza nyumba wakapelekwa Mabwepande kuanza upya, mbali na kazi zao na shule za watoto wao. Lakini sisi bado hatujachelewa: katika wilaya zote tano za Dar es Salaam ndio wachache kuliko wote. Ilala ina watu 1,649,912. Huko kuupata uwanja wa watoto kucheza ni kubomoa nyumba ya mtu. Kwetu bado ni kuhamisha lundo la mchanga. Mwaka wa pili kutoka sasa patakuwa na linta juu yake.

Kwa hiyo naomba twende wote kwenye mkutano mkuu wa mtaa, na si wale watu ishirini wa kila siku. Tuombe kwa muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, ili uende manispaa, tupewe nakala ya mchoro wa mipango miji wa eneo letu na mpima wa kutuonyesha bikoni zilipokuwa. Nakala moja ibandikwe ofisi ya mtaa, mahali mnunuzi ataiona kabla hajatoa pesa. Wapangaji, njooni. Watoto wenu ndio wanaocheza barabarani kati ya bodaboda na malori ya kokoto. Wenzetu madalali, nanyi mnaishi hapahapa. Kataeni kukionyesha kile msichoweza kukisimamia mbele ya mchoro.

Na wewe uliyekwisha kujenga kwenye mkondo, huenda uliuziwa kwa nia njema na akiba yako yote imo mle. Hatuji na nyundo. Njoo tukae na mpima tutazame kama panaweza kufunguliwa tundu ukutani na kuwekwa kalavati, na gharama tuchangiane, maana maji unayoyazuia ni ya mabati yetu sote.

Jumamosi baada ya mkutano tutalitembea eneo zima kwa miguu, tukianzia chini ya mkorosho mkubwa karibu na kituo, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Tutapaka chokaa bikoni zilizobaki, tutazibua mkondo mpaka barabarani, na kwenye mpaka wa eneo la wazi tutapanda miti. Mwenye jembe, panga au toroli aje nalo. Mwenye kisima atoe ndoo chache za kumwagilia miche. Bikoni aliyoileta yule mtoto ninayo, nimeifunga kwenye gunia, na nitakuja nayo.