KOCHA MZURI HUTOKA BENCHI

Ndugu msomaji, nakuomba uniazime dakika chache kabla hujafunua ukurasa wa mafumbo na vichekesho. Nina neno kuhusu mpira wa vikapu, na hata wewe usiyejua kikapu cha uwanjani kinatofautiana vipi na cha sokoni, neno lenyewe linakuhusu.

Hapa shuleni tuna imani moja ambayo sijamsikia mtu akiihoji. Anayefunga vikapu vingi ndiye anayeujua mchezo. Kwa hivyo ndiye nahodha, ndiye anayepanga nani aanze, na akimaliza kidato cha nne ndiye anayeitwa arudi kutufunza kabla ya mashindano ya muhula wa kwanza. Wale wa benchi, wanaoshika chupa za maji na traksuti za wenzao, maoni yao hayaulizwi. Wakijaribu kusema huambiwa, "Wewe umefunga ngapi?" na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi nasema imani hiyo ina kasoro kubwa, na shahidi wangu ni Bwana Steve Kerr wa Marekani.

Kerr alizaliwa mwaka wa 1965 mjini Beirut, Lebanon. Baba yake, Malcolm Kerr, alikuwa msomi wa mambo ya nchi za Kiarabu, na utoto wa Steve ulipitia hata Cairo. Januari 1984 baba huyo, akiwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, alipigwa risasi na kuuawa akielekea ofisini mwake. Kijana alikuwa na miaka 18 tu, ndio kwanza ameingia Chuo Kikuu cha Arizona. Miaka minne baadaye baadhi ya mashabiki wa wapinzani walimzomea kwa kifo hicho hicho cha babake, kabla ya mechi kuanza. Lo! Binadamu ana ulimi mchungu! Kerr alitikisika, kisha akaingia uwanjani na katika kipindi cha kwanza akatia vikapu sita vya pointi tatu tatu bila kukosa hata kimoja.

Nimeyataja hayo ili asije mtu akadhani huyu bwana alikuwa mnyonge. Hakuwa mnyonge. Lakini nyota pia hakuwa. Mwaka wa 1988 timu za ligi ya NBA zilipochagua wachezaji wapya, vijana 49 waliitwa kabla yake. Hakuwa na mbio, hakuwa na mruko, na kimo chake kwa mizani ya kule kilikuwa cha kawaida tu. Alichokuwa nacho ni shabaha. Alicheza miaka 15, jumla ya mechi 910, na katika hizo zote alianza mechi 30 pekee. Fanya hesabu mwenyewe. Mara 880 mpira ulirushwa juu yeye akiwa ameketi.

Sasa tuulizane: mtu aliyeketi huona nini? Mchezaji nyota akiwa uwanjani anamwona adui aliye mbele yake na kikapu, basi. Wa benchi anawaona wote kumi. Anaona nani amechoka lakini hataki kusema, nani hapitishi mpira kwa sababu ya kinyongo cha bwenini, na refa anapuliza kipenga kwa makosa gani na yapi anayafumbia macho. Tena anaketi kando ya kocha, anasikia maneno yasiyowafikia walio uwanjani. Na kwa kuwa anajua ataitwa kwa dakika nne tu, hana budi aingie akiwa tayari ameusoma mchezo. Nyota anaweza kukosea kumi na bado akarudishwa ndani. Wa akiba akikosea mawili, anaitwa nje.

Kerr aliketi hivyo katika timu ya Chicago Bulls, kando ya Phil Jackson, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mchezaji wa akiba wa New York Knicks na baadaye akawa kocha aliyenyakua ubingwa mara 11. Uwanjani alikuwepo Michael Jordan. Mwaka wa 1995, wakiwa mazoezini, Kerr na Jordan walikosana hadi ngumi ikamfikia Kerr jichoni. Jordan alimpigia simu kuomba radhi, na tangu hapo akamheshimu. Mechi ya sita ya fainali za 1997 dhidi ya Utah ilipofika 86 kwa 86 na sekunde zikiyoyoma, kila mtu alijua Jordan ndiye atakayerusha. Wapinzani wakamzonga wawili. Naye akampa nani? Kerr. Kikapu kikaingia, na ubingwa ukabaki Chicago. Mpaka anastaafu mwaka wa 2003 alikuwa na ubingwa mara tano, na asilimia 45.4 ya mitupo yake ya pointi tatu ilikuwa imeingia.

Mwaka wa 2014 timu ya Golden State Warriors ilimwajiri kuwa kocha, ingawa hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu popote. Jambo lake la kwanza zito lilimhusu Andre Iguodala, mchezaji mwenye jina, ambaye tangu aingie NBA hakuwahi kuanzia benchi hata mara moja. Kerr alimwomba aanzie benchi. Jamani, nani mwingine angeweza kumwambia nyota maneno hayo na akasikilizwa? Mtu aliyeishi maisha ya benchi anajua kwamba benchi si jela. Iguodala alikubali.

Fainali za 2015 zikaja, Warriors wakawa nyuma kwa mechi mbili kwa moja mbele ya Cleveland. Hapo ndipo kijana mmoja wa ofisini, Nick U'Ren, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mikanda ya mechi na kumsaidia kocha, alipopendekeza Iguodala aanze badala ya yule mrefu wa katikati, Andrew Bogut. Kerr alikubali, timu ikashinda mechi tatu mfululizo na kutwaa kombe, na Iguodala akatajwa kuwa mchezaji bora wa fainali hizo. Kerr alitangaza waziwazi kwamba wazo lile halikuwa lake. Hapa kwetu kijana kama huyo angeulizwa amefunga ngapi.

Najua kuna watakaonipinga, na wana hoja. Watasema Bill Russell alikuwa nyota wa nyota, na mwaka wa 1966 akawa Mwafrika Mmarekani wa kwanza kuwa kocha mkuu katika NBA, akiongoza Boston Celtics huku bado anacheza, na akachukua ubingwa wa 1968 na wa 1969. Ni kweli, siwezi kumfuta Russell. Watasema pia kwamba Kerr alibebwa na Stephen Curry na wenzake. Hilo nalo lina ukweli ndani yake: msimu wa 2019-20, Curry alipoumia na Kevin Durant alipokuwa ameondoka, kocha huyo huyo alishinda mechi 15 na kupoteza 50. Kocha hachezi, tusidanganyane. Lakini mnieleze basi habari ya Magic Johnson. Huyu ni mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa mchezo huu, na mwaka wa 1994 alikabidhiwa Los Angeles Lakers kwa mechi 16 za mwisho wa msimu. Alishinda tano, akapoteza kumi na moja, akaondoka. Hakukosa ujuzi. Nadhani mtu ambaye mambo humjia bila kufikiri hupata taabu kumweleza yule ambaye lazima afikiri. Tumewaona hata darasani: kuna mwenzetu anayepata mia kwa mia katika hesabu, lakini ukimwuliza ameipataje, anakutazama kama umemtukana.

Ukitaka mfano wa karibu na nyumbani, tazama Sudan Kusini. Tarehe 20 Julai 2024, mjini London, timu ya nchi hiyo iliyopata uhuru mwaka wa 2011 ilicheza na Marekani mechi ya kujipima kabla ya Olimpiki ya Paris. Ndani ya kikosi chake alikuwemo Nuni Omot, aliyezaliwa hapa hapa Kenya katika familia ya wakimbizi. Marekani ilikuwa na LeBron James, Curry na Durant, na kocha wake alikuwa Kerr. Kocha wa Sudan Kusini alikuwa Royal Ivey, mtu aliyecheza NBA miaka kadhaa, mara nyingi akiwa wa akiba, na ambaye wastani wake haukufika pointi nne kwa mechi. Kufikia mapumziko Sudan Kusini ilikuwa mbele kwa pointi 14! Ilibidi LeBron mwenyewe atie kikapu zikiwa zimebaki sekunde nane ili Marekani iponee kwa 101 kwa 100. Pande zote mbili, ubao wa mbinu ulishikwa na watu wa benchi. Huko Paris, vijana wa Ivey waliishinda Puerto Rico 90 kwa 79.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wetu wa michezo, na ninaliandika kwa heshima zote. Muhula wa kwanza ukifika, nahodha abaki nahodha. Lakini wakati wa mapumziko ya mechi za bweni kwa bweni, ubao wa mbinu apewe mmoja wa wale wanaokaa benchi, azungumze dakika mbili na wote wasikilize, nyota wakiwemo. Kerr mwenyewe, Februari 2018, aliwaachia wachezaji wake ubao na kalamu katika mechi dhidi ya Phoenix Suns, wakashinda kwa pointi 46. Kwa kuanzia, namjua kijana mmoja wa kidato cha tatu ambaye hajaingia uwanjani zaidi ya mara mbili mwaka huu, lakini hutuambia wapinzani watapitia wapi kabla hawajapita. Jina lake simtaji, atanilaumu. Anayepinga na aandike katika toleo lijalo. Wino ninao, nitamjibu.