Macho mekundu ni moshi, jamani!

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi hapa hosteli tulikuwa tunaangalia picha za likizo kwenye simu ya jamaa mmoja. Ikatokea picha ya bibi kizee kakaa mlangoni kwake. Mtu akaropoka, "Duh, huyu mchawi kabisa, cheki macho!" Watu wakavunjika mbavu. Mimi mwenzenu sikucheka. Kwetu Kanda ya Ziwa utani huo umeua watu.

Aliyekulia vijijini huko Musoma, Bunda au Butiama anajua ninachosema. Bibi zetu wamepikia kuni maisha yao yote, mafiga matatu kwenye kijumba kisicho na dirisha, na masika kuni zenyewe mbichi. Miti ikiisha, wengine hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Wanaokausha samaki kwa moshi kule mialoni ndiyo usiseme. Sasa piga hesabu, miaka 50 ya kuinama na kupuliza moto kila siku, ulitaka macho yawe meupe kama karatasi? Ongeza na magonjwa ya macho yasiyotibiwa. Yale macho ni ushahidi kwamba watu walikula. Baba yako alikula, ndiyo maana wewe leo uko chuo.

Lakini mtoto akifa kwa homa au ng'ombe wakipukutika, anatafutwa mwenye "sura ya uchawi". Na sura hiyo tumeshaipanga: mwanamke, mzee, mjane, macho mekundu. Mara nyingine nyuma yake kuna shamba ambalo watu wanalimezea mate. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kuwa kati ya 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee. Elfu tatu! Sijui nani katuroga.

Halafu sisi wa Mara ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuhukumu sura. Mwalimu Nyerere alichongwa meno yakawa na ncha, kwa desturi ya Wazanaki. Mtoto huyo wa Butiama alianza shule Mwisenge, pale Musoma, mwaka 1934, na mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh na meno yake hayo hayo. Asiyejua mila angemtazama mdomo tu akadhani ameshamjua. Umdhaniaye ndiye siye.

Najua mtasema, "Acha hizo, ni utani tu." Sawa. Ila mwenye panga huwa anakuja mwisho. Kabla yake kuna watu waliocheka kilabuni, wakanong'ona kisimani, mpaka jina likamganda bibi wa watu. Hata Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inahesabu kumtangazia mtu uchawi kuwa ni kosa.

Na sisi tukirudi kijijini tunaitwa wasomi, neno letu lina uzito hata kama hatustahili. Basi likizo ijayo mtu akianza habari za macho ya bibi fulani, sema pale pale, mbele ya watu: ule ni moshi. Kama una vijisenti, mtobolee bibi yako dirisha jikoni au mjengee jiko banifu.

Ni mawazo yangu tu. Anayebisha aje tubishane, ila aje na hoja.