Mchezaji Akisusa, Nani Aliyeshika Mpini?

Kisa cha Feisal Salum, yule mtoto wa Unguja ajulikanaye kwa jina la Fei Toto, tulikijadili sana vibarazani mwetu, lakini aliyenifumbua macho hakuwa mtu wa pwani wala mpenzi wa kandanda. Ilikuwa Juni 2023. Nilikuwa nimekwenda Longisa, huko Bomet, kumtazama jamaa yangu aliyelazwa hospitali. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa bado, basi nikaketi katika kibanda cha chai kando ya barabara iendayo Narok, pamoja na mzee mmoja wa Kikipsigis ambaye naye alikuwa na mgonjwa wake. Nilikuwa nikisoma habari katika simu, nikacheka peke yangu. Mzee akataka kujua nacheka nini.

Nikamsimulia. Feisal alitoka JKU ya Unguja akaingia Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2018, akawa nguzo ya kiungo. Mkataba wake ulikuwa uishe 2024. Desemba 2022 akaandika barua ya kuaga, na pamoja na barua akaweka katika akaunti ya klabu shilingi milioni 112 za Tanzania, akidai kwamba hiyo ndiyo bei ya kujitoa kwa mujibu wa mkataba wenyewe. Yanga wakakataa. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba marejeo, yakatupwa. Hata hivyo hakurudi uwanjani. Akasusa. Maneno ya ugali kwa sukari yakaenea mitaani, huyu akimwita shujaa na yule akimwita mtoro. Mwisho wake ukawa Ikulu: Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika Yanga kwa chakula, na hapo akawaomba viongozi walimalize jambo la kijana huyu. Siku chache tu baadaye Feisal akawa mchezaji wa Azam, na Yanga wakapata fedha zao.

Mzee hakuniuliza nani alikuwa na haki, ambalo ndilo swali pekee tuliloligombania sisi. Aliuliza hivi: "Na mkataba ulikuwa umebakiza muda gani?"

Nikamwambia kama mwaka mmoja.

"Basi, kijana wangu, hao wenye timu walikuwa wameshika majani yaliyokwisha chumwa."

Mzee ana kishamba chake cha chai upande wa juu, na anajua asemalo. Jani likiwa mtini laweza kukungoja siku chache. Likishachumwa likatiwa gunia, lataka kufika kiwandani siku ile ile. Likikawia hupata joto, huwa jekundu, na karani wa mizani hulikataa. Mwenye jani na mwenye kiwanda wote wanalijua hilo, na ndiyo sababu anayeweza kungoja kuliko mwenziwe ndiye hupanga bei.

Tangu siku ile nimeona kwamba mabishano yetu yalikosa shabaha. Katika sheria Feisal alikuwa na udhifu, nami sisiti kusema hivyo ingawa ni mtoto wa kwetu. Sura ya Al-Maida tunaisoma tangu chuoni, na inaanza kwa kuamrisha mikataba itimizwe. Mtu hawezi kutia sahihi asubuhi na kujifungulia mlango jioni kwa tafsiri yake mwenyewe. Ila wanaokimbilia aya hiyo hupenda kusahau mafundisho yale yale yanayotaka mfanyakazi alipwe jasho lake lingali mwilini, na alipwe kwa kadiri ya kazi yake. Kwangu mimi kijana alikosea mlango wa kutokea, hakukosea kutaka kutoka.

Wako wanaosema aliwashika Yanga kooni. La hasha! Msimu ule ule, yeye akiwa nyumbani, Yanga walitwaa ubingwa wa ligi na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wakakosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini tu mbele ya USM Alger. Hawakufa njaa bila yeye. Walichopoteza ni thamani ya karatasi. Kila mwezi uliopita, mkataba ule ulipungua bei, na mwaka 2024 angeondoka bure. Azam walikuwa wakingoja na fedha mkononi. Na Feisal naye alikuwa na jani lake la kuungua: miaka 25, miguu mizima, karibu nusu mwaka bila mechi ya ligi. Mguu wa mchezaji si nyumba ambayo waweza kuifunga na kuja kuipangisha mwakani. Wote wawili walikuwa wakipata hasara, kila mmoja akitazama nani atachoka kwanza.

Hakuchakaa, alhamdulillahi. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 ya ligi, mawili tu nyuma ya Aziz Ki wa Yanga, na Azam wakashika nafasi ya pili. Yanga wakawa mabingwa tena. Basi ile dunia tuliyoambiwa ingeanguka endapo kijana angeruhusiwa haikuanguka.

Linaloniudhi ni lile la Ikulu. Simlaumu Rais, alisema kama mzazi. Lakini mchezaji wa timu ya daraja la pili, Kilifi au Chake Chake, ambaye hajalipwa tangu mfungo mosi, ataombewa na nani?

Nilipomgusia mzee jambo hili alinyoosha mkono upande wa Kericho. Mwezi uliotangulia tu, Mei 2023, wachumaji huko walizitia moto mashine za kuchumia chai, polisi wakaingia, na damu ikamwagika. Mchumaji akisusa leo, mashine haisusi. Feisal alisikilizwa kwa kuwa miguu ya namna yake ni michache. Mikono ya kuchuma chai ni mingi, na sasa hata mingi haihitajiki. Hata hivyo wachumaji wana chama chao, KPAWU, ambacho huketi na wenye mashamba na kutia sahihi mkataba mmoja kwa wote. Wachezaji wetu wengi hawana hata hilo la kuringia.

Tazama Kenya mwaka 2019. SportPesa walipojitoa mwezi wa Agosti, Gor Mahia na AFC Leopards walibaki bila mdhamini, na wachezaji wa kigeni wakaanza kufungasha kwa kukosa mishahara. Wenyeji walibaki, maana wangekwenda wapi? Sheria ya FIFA yasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 anaweza kumwandikia mwajiri notisi ya siku 15, na asipolipwa akavunja mkataba kwa haki. Ni wangapi wanaijua? Bosman wa Ubelgiji alipopata hukumu yake mwaka 1995 alikuwa na mawakili, na hata hivyo mchezo wake ulikuwa umekwisha. Walionufaika ni waliomfuata.

Yapo KEFWA Kenya na SPUTANZA Tanzania, nayo yanafaa yapewe nguvu na wachezaji wakubwa kabla ya kufikwa na yao. Na wazazi wa pwani, ambao humpeleka binti kwa kadhi na mashahidi wawili, wasimwache mvulana atie sahihi peke yake ofisini kwa katibu wa klabu, karatasi ya Kiingereza mbele yake na jezi mpya mkononi. Isomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mtu mzima anayejua kuuliza. Na bei ya kutoka iandikwe kwa tarakimu, pamoja na tarehe, isiwe jambo la kutafsiriwa na kamati baada ya ugomvi kuanza.

Kengele ya hospitali ililia tukiwa hapo. Mzee alilipa chai zote mbili, akakataa katakata shilingi zangu, akaniuliza tukivuka barabara kama yule kijana mama yake yu hai. Nikamwambia ndiyo. "Basi yeye ndiye aliyesusa kweli," akasema, akaingia kumwona mgonjwa wake.